Shangazi Tabea Atua Karthago

Jumapili, 13 Julai. Kimandolu, Arusha

Habari kubwa! Diana amepiga simu toka baharini. Huyu ni binti wa shangazi Tabea, yuko mapokezi kwenye meli ya watalii huko Mediterania. Meli yao inamruhusu mfanyakazi kumleta mzazi wake mara moja, bure. Basi shangazi anapanda meli Septemba! Ana miaka sabini na goti la kulia limeacha kumsikiliza, kwa hiyo ameruhusiwa mtu wa kumsindikiza.

Mtu mwenyewe ni Richard. Nani mwingine? Ni mwanawe wa kumzaa. Mimi ni mtoto wa kaka yake tu.

Nimempongeza nje ya kanisa. Nimemshika mkono kwa mikono yote miwili. Moyoni naungua.

Shida ni hii. Mimi na Richard sote tunatembeza watalii. Yeye ana magari matatu na ofisi Kijenge yenye kiyoyozi. Mimi nina gari moja, lile la kijani, na ofisi yangu ni simu. Sasa Diana anasema siku moja meli itatia nanga Tunis, na abiria watatembezwa miji ya kale asubuhi mpaka jioni. Siku nzima! Bila simba! Bila hata pundamilia! Watu wanalipia kutazama kuta, na wanarudi wanacheka. Richard akiiona mbinu hiyo akaileta Arusha, mimi nimekwisha.

Lazima niende mimi.

Jumatatu, 21 Julai

Mpango umekamilika. Nimeugeuza huku na huku, sioni tundu.

Nina wageni wawili wa kutoka Denmark, mume na mke, wazee wapole, huja kwangu kila Septemba. Leo nimemwendea Richard nikiwa nimeinama. Nikamwambia mgongo umeniharibikia, daktari amenikataza kushika usukani mpaka Oktoba. Nikamsihi awachukue wazee wangu. Yeye mwenyewe, si madereva wake, maana ni watu wa heshima.

Richard aliweka kikombe chini. Akasema tarehe hizo ndizo za safari ya mama.

Nikajipiga paji la uso. Ah! Nilikuwa nimesahau kabisa!

Kasoro ya Richard ni moyo mwema. Alisema hawezi kuwaacha wageni wa ndugu yake wakitangatanga. Kabla sijamaliza chai akauliza kama mgongo wangu unaweza kustahimili kukaa kwenye ndege. Nikamwambia kukaa ndiyo dawa yenyewe.

Nimemsimulia Esther. Mke wangu amesikiliza yote, halafu akauliza ni nani hasa hapo amemshinda mwenzake, kwa sababu yeye anachokiona ni kwamba nimempa Richard wageni wangu bora. Esther haoni mbali.

Jumatatu, 15 Septemba. Melini

Meli! Chukua Soko la Kilombero, liweke juu ya uwanja wa mpira, juu yake weka hoteli tatu, halafu vyote vielee. Kuna lifti. Kuna bwawa la kuogelea juu ya bahari, jambo ambalo shangazi amelitafakari kwa muda na kusema hawa watu hawana uhakika na maji yao.

Yeye tayari ni maarufu. Ukimkosa, tafuta kwenye kundi la akina mama wenye watoto wachanga. Alikuwa mkunga hospitalini Nkoaranga, kijijini kwao, tangu ujana wake mpaka kustaafu, na hawezi kupita mtoto bila kumpapasa utosi.

Diana ametupa ratiba. Keshokutwa ni Tunis: mji mkongwe, magofu ya Karthago, kijiji cha Sidi Bou Said. Akasisitiza tusiachane na kundi, meli haimsubiri mtu.

Shangazi ameomba kitu kimoja tu: kiwanja cha mateso cha Karthago. Kila mama aliyepita kwenye umoja wa wanawake kanisani kwetu amesikia kwake habari za Perpetua na Felisita. Walikuwa Wakristo wa zamani sana wa mji huo. Perpetua alikuwa na mtoto wa kunyonya. Felisita alikuwa mtumwa, mjamzito. Walikataa kuikana imani, wakatupwa kwa wanyama wakali mbele ya watu. Felisita alijifungua gerezani siku chache kabla. Shangazi amesema vingine vyote akikosa hatalia, ila hapo anataka kufika kwa miguu yake, goti likipenda lisipende.

Mimi nina shughuli yangu. Kuna kopo la kahawa, ya shambani kwa shangazi, kaikaanga mwenyewe, ni zawadi ya Diana. Nilijitolea kulibeba. Bado sijamkabidhi. Diana yuko bize. Na nimefikiri: watu wa Tunis ni wanywa kahawa wakubwa. Wakionja hii mara moja, Sifaeli Sumari hatakuwa tena mtu wa gari moja. Atakuwa msafirishaji!

Jumatano, 17 Septemba. Tunis

Naandika nikiwa kitandani. Meli imeondoka. Tumo. Ilikuwa karibu tusiwemo.

Nianze asubuhi. Bandarini tulipokelewa na mwongozaji wetu, Bi Rafika. Mwanamke wa makamo, viatu vya raba, mwavuli mwekundu wa kutuonyesha njia. Alisimama mbele ya basi, akatutazama mmoja mmoja kama mwalimu mkuu, akasema leo hatukuja kutazama mawe, tumekuja kuwatembelea watu ambao wametoka kidogo. Mimi nikianza na wageni huanza kwa kuwaonyesha choo kilipo. Nikajua nimekutana na fundi.

Mji mkongwe. Sijui niuelezeje. Unapita chini ya lango la mawe, dunia inabadilika. Vichochoro vyembamba, vingine vimeezekwa, jua linapenya kwa vipande. Milango mikubwa yenye misumari iliyopangwa kama maua. Upande huu wanagonga shaba, upande ule wanauza manukato, mbele wazee wanachana sufu kwa miiba mikavu kutengeneza kofia nyekundu. Tukaonyeshwa msikiti wa Zitouna kutoka ukumbini. Nguzo zake nyingi zilitolewa kwenye magofu ya Karthago, ndiyo maana vichwa vyake havifanani. Shangazi alifurahi sana. Akasema hao ndio watu wenye akili, hawakutupa kitu.

Nami nikaona mkahawa.

Nilisema moyoni: dakika chache tu. Kundi likakata kona, mimi nikabaki. Mzee mwenye mkahawa alikuwa na masharubu kama ufagio. Nikafungua kopo. Akanusa. Akafumba macho! Akachukua kibirika chenye mkono mrefu, akachemsha taratibu, akagawa vikombe vidogo. Wanaume wa meza za jirani wakasogea. Mmoja akabusu vidole vyake. Wao walisema Kifaransa, mimi Kiingereza, tukaelewana kabisa. Nikachora Mlima Meru mezani kwa kidole chenye maji. Nikachora na migomba. Nilikuwa naona makontena.

Nikamwuliza kwa ishara kama atanunua. Akacheka kwa upole. Akanionyesha gunia lake, kisha picha ya harusi ukutani, kisha akamgusa bwana harusi. Nikaelewa. Kahawa huletewa na mkwe wake. Hawezi kugombana na mkwe kwa ajili yangu. Ila aliomba kikombe cha pili.

Hapo ndipo mwavuli mwekundu ulipotokea mlangoni. Nyuma yake shangazi, anachechemea.

Bi Rafika alikuwa ameshanitafuta kila mahali. Baadaye alinisimulia kwamba kichochoroni alitaka kugeuka kulia. Shangazi akamshika mkono, akainua pua, akasema kushoto. Alikuwa amesikia harufu ya kahawa yake! Katikati ya manukato yote yale, ngozi, shaba, samaki wa kukaanga! Sijawahi kuona kitu kama hicho maishani, na ningeshangilia kama si mimi niliyekamatwa.

Akalitazama kopo. Limebaki nusu. Akalifunga, akalitia kwenye mkoba wake. Mzee wa mkahawa, bila kujua kitu, akampa kiti na kikombe. Shangazi hawezi kumkatalia mtu aliyemkaribisha. Akanywa mpaka mwisho, akamsifu mzee kwa kuichemsha vizuri.

Mimi hakuniambia neno. Afadhali angenichapa.

Kwenye basi watu walinitazama mpaka nikajihisi mdogo. Bi Rafika akachukua kipaza sauti. Akasema, bila kunitaja, kwamba muda umepungua. Tutakwenda Karthago ufukweni, halafu itabidi kuchagua kimoja: kile kiwanja cha mateso, au kijiji cha Sidi Bou Said. Basi zima likapiga kelele: Sidi Bou Said! Milango ya buluu! Walikuwa wameiona kwenye picha.

Nikamtazama shangazi. Alikuwa anatazama nje ya dirisha. Mikono ameifumbata mapajani.

Tukafika bafu za Antoninus. Bahari iko pale pale, buluu hadi inauma macho, na kando yake kuta nene, matao, nguzo iliyosimama peke yake ndefu kama mti. Warumi walikuwa wanaoga hapa huku wanatazama mawimbi. Nilitembea mdomo wazi. Ndipo Bi Rafika akasema tunachokitazama ni vyumba vya chini tu, vya stoo na kuni. Jengo lenyewe lilikuwa juu ya haya, na halipo tena. Stoo! Nilikuwa nimeishangaa stoo! Nikajaribu kuona kwa mawazo jengo lenyewe na shingo ikaniuma.

Shangazi alikuwa amekaa juu ya jiwe. Alikuwa anatazama upande mwingine, kilimani. Hakulalamika. Alimwuliza Bi Rafika kwa adabu kama kiwanja kiko upande ule. Bi Rafika akasema ndiyo, nyuma ya ile misonobari. Shangazi akasema asante.

Hapo moyo ukaniuma. Nikasema hapana, Sifaeli, wewe ndiye uliyeharibu, wewe ndiye utakayetengeneza.

Kwa hiyo nikaingia kwenye basi nikaanza kupita kiti kwa kiti. Nikawanong'oneza kwamba mama yule mliye naye ni malkia wa Meru. Safari hii ni ya siri. Ni desturi ya malkia wetu kufika kiwanja kile mara moja katika maisha yake, asipofika, mvua Arusha itakuwa ya wasiwasi.

Ilifanya kazi! Mama mmoja wa Kanada aliinamisha kichwa. Mwanamume mwenye kamera kubwa akaanza kuifuta lenzi. Nilipofika viti vya nyuma, habari ilikuwa imenitangulia.

Shangazi akapanda basi. Watu wote wakasimama. Akageuka kutazama ni nani anayekuja nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Mama wa Kanada akamwita mtukufu. Shangazi akanitafuta kwa macho. Hakupata shida, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa natazama sakafu.

Akaomba kipaza sauti. Kiingereza chake ni cha wodini, kinyoofu, kila mtu alikisikia.

"Mimi si malkia," akasema. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Mungu amempa akili nyingi na hajazipangia kazi. Mimi ni mkunga mstaafu. Katika mji huu kuna msichana alijifungua gerezani, na nimewasimulia wenzangu habari zake muda mrefu sana. Nilitamani kufika alipofia. Kama haiwezekani, nitamsalimia kwa mbali. Kaeni, tafadhali."

Akakaa.

Kisha mama wa Kanada akasema kwamba mama yake mzazi alikuwa mkunga. Mwenye kamera akainua mkono, akasema yeye milango ya buluu ataiona kwenye kalenda. Mkono mwingine. Mwingine. Bi Rafika hakungoja waishe. Alimwinamia dereva, basi likageuka.

Kiwanja chenyewe hakina kuta ndefu. Ni duara la mawe ya chini, nyasi kavu, misonobari pembeni, na katikati shimo lenye chumba kidogo cha ukumbusho. Mahali padogo kuliko nilivyodhani. Kimya sana. Shangazi alikataa mkono wangu. Akakataa na wa Bi Rafika. Alishuka mwenyewe, jiwe kwa jiwe, watu wote wakimngoja.

Akasimama pale katikati. Halafu akauliza:

"Nani alimzalisha?"

Bi Rafika alisogea karibu naye. Akasema ameleta watu hapa miaka mingi. Wamemwuliza kulikuwa na simba wangapi. Wamemwuliza viti vilikuwa vingapi. Hilo hajaulizwa. Akasema habari zilizobaki zinaeleza kwamba uchungu ulikuwa mkali, kwamba walinzi walimdhihaki, na kwamba mtoto, wa kike, alilelewa na dada mmoja wa imani. Aliyemzalisha hakuandikwa.

"Lakini alikuwepo," shangazi akasema. "Mtoto hajidaki mwenyewe. Kulikuwa na mwanamke mule ndani, na mikono yake."

Akafungua chupa yake ya maji. Akajimwagia viganjani, akanawa polepole, katikati ya vidole, mpaka kwenye viwiko, kama wakunga wanavyonawa kazi ikishaisha na mama na mtoto wakiwa salama. Akajifuta kwa kitenge. Bi Rafika akaweka mwavuli chini, akakinga mikono yake. Shangazi akammwagia na yeye.

Mimi niliingiwa na vumbi machoni. Upepo haukuwepo, lakini vumbi liliingia.

Na Sidi Bou Said tuliiona! Bi Rafika alimbembeleza dereva, tukapita mbio. Kuta nyeupe pe, milango ya buluu, maua ya zambarau yamemwagika ukutani, na chini kabisa bahari. Mtu aliyefikiria rangi mbili tu zinatosha mji mzima ni mtu wa kuheshimiwa. Pale wanakaanga andazi kubwa lenye tundu katikati, wanalichovya kwenye sukari likiwa moto. Shangazi alimaliza la kwake basi halijaondoka. Akakata kipande cha la pili, akanipa.

"Kula," akasema. "Umechoka kwa uongo."

Ndilo neno la kwanza alilonipa toka mkahawani. Andazi lilikuwa tamu mno.

Bandarini tulikimbia. Mimi na mwenye kamera tulimbeba shangazi kiti cha mikono, naye akituelekeza tusimwangushe kwa upande wa goti. Diana alikuwa juu, mikono kiunoni, sura ya moto. Walikuwa wameanza kufungua kamba.

Alhamisi, 18 Septemba

Diana amepewa kopo lake, nusu. Aliuliza nusu nyingine iko wapi. Shangazi akajibu kwamba iliwafaa wazee fulani wa Tunis, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo. Akaishia hapo! Hakunitaja! Kuna watu wameumbwa kwa udongo wa kwanza.

Nimeamua kuwa mtu mpya.

Jumamosi, 27 Septemba. Kimandolu

Richard amekuja kunisalimia. Ameleta habari za wazee wangu wa Denmark. Siku moja hawakutaka wanyama, basi aliwapeleka Nkoaranga. Wakapanda njia ya mwinuko kwa miguu, wakachuma kahawa nyekundu shambani kwa shangazi, wakala mtori wa ndizi kwa jirani, wakakaa kanisani kusikiliza kwaya ikifanya mazoezi. Siku nzima. Bila simba. Wamesema hawajawahi kupata siku nzuri kama ile. Mwakani wanakuja na ukoo wao, na wameomba waongozwe na Richard.

Akaniomba radhi! Akasema hakupanga iwe hivyo, na kwamba kazi hiyo tutaifanya pamoja, mimi na gari langu la kijani. Halafu akauliza mgongo unaendeleaje.

Nilishika kiuno. Nilichelewa kidogo.

Richard alitabasamu tu, akamaliza chai yake. Esther alikwenda jikoni, nikamsikia anacheka na sufuria.

Jumapili, 5 Oktoba. Nkoaranga

Siku nzuri sana. Baada ya ibada shangazi alisimulia safari mbele ya umoja wa wanawake. Aliposema alivyonawa mikono pale kiwanjani, ukumbi ulitulia mpaka tukasikia mvua ya mbali mlimani. Akina mama waliokuwa wamejifungulia mikononi mwake, wengine sasa ni bibi, walikuja mmoja mmoja kumshika viganja. Nilisimama nyuma karibu na mlango. Nilijivuna kuwa mtoto wa kaka yake.

Kisha wakanisimamisha mimi. Niliwaeleza habari za Bi Rafika, na stoo ya Warumi, na zile rangi mbili. Wakapiga vigelegele. Mwenyekiti wao, mama Anyesi, akasema hapo hapo: na sisi tutakwenda! Kidogo kidogo tutajichanga, hata ichukue muda. Akauliza kule wanasema lugha gani. Nikasema Kiarabu. Akauliza, sasa sisi tutawezaje?

Shangazi alikuwa ametoka kuangalia mtori.

Nikasema wasiwe na hofu, Kiarabu mimi nakijua.

Sijui kilitoka wapi. Kilitoka chenyewe. Vigelegele vilivyofuata sijawahi kupigiwa hata siku ya harusi yangu. Mama Anyesi akanitangaza mkalimani rasmi wa safari. Akaomba Jumapili ijayo niwafungulie kikao kwa Sala ya Bwana kwa Kiarabu, ili masikio yao yaanze kuzoea.

Esther hajanisemesha toka tulipotoka kanisani. Nimemwambia hakuna tatizo. Kiswahili chenyewe kimejaa Kiarabu: kitabu, sabuni, salamu, habari, samaki. Mtu akiyapanga maneno hayo kwa utaratibu, macho kafumba, sauti ya chini, nani atajua? Na mwishoni Amina ni ileile.